Wasomi Wetu Wasiachwe Njiani

(Hotuba iliyotolewa kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia, katika ukumbi wa parokia)



 Najua wengi wenu mlipoona tangazo kwenye ubao wa kanisa mlishangaa. Mlitarajia tuzungumze juu ya mbuzi wa maziwa au mizinga ya nyuki, na badala yake mkasoma kwamba tutaongea juu ya wanafunzi wa digrii ya pili na ya tatu. Mama mmoja ameniuliza hapo mlangoni, "Sasa hao wanatuhusu nini sisi? Si hao wameshasoma wakamaliza?"

Swali ni zuri, na nitaanza nalo. Wanatuhusu kwa sababu wametoka kwetu. Kadi za harambee tulizozisambaza tulizisambaza kwa ajili yao. Na siku hizi, tofauti na zamani, karibu kila kata ina kijana au mama anayesoma ile inayoitwa shahada ya uzamili, yaani digrii ya pili, au hata ya uzamifu, ile ya kumfanya mtu aitwe daktari ingawa hatibu mtu. Ni walimu wa watoto wetu, ni wauguzi wa zahanati yetu, ni mapadre na masista wetu pia. Wanaishi katikati yetu, na wengine wao wako karibu kukata tamaa, na sisi hatujui.

Mimi mwenyewe nina diploma ya kazi za jamii, basi. Kwa hivyo siongei hapa kama profesa. Naongea kama mtu anayeingia katika nyumba za watu na kusikia yale ambayo hayasemwi kanisani.

Kwanza tuelewe masomo haya yakoje, maana lawama nyingi zinatokana na kutoelewa. Digrii ya kwanza ni kama shule. Kuna darasa, kuna mwalimu mbele, kuna mtihani, na kuna tarehe ya kumaliza ambayo hata nyanya wa mtoto anaijua. Digrii ya pili huanza hivyo hivyo, mwaka mmoja hivi wa madarasa, mara nyingi jioni au Jumamosi kwa sababu wengi wao wameajiriwa. Baada ya hapo darasa linafungwa. Mwanafunzi anaambiwa: nenda ukatafute jambo ambalo halijachunguzwa vizuri, ulichunguze, uandike kitabu. Kitabu hicho ndicho tasnifu. Anaandika kwanza pendekezo, anampelekea msimamizi. Msimamizi analirudisha limejaa wino mwekundu. Analiandika tena. Likikubaliwa, anaomba kibali cha utafiti kutoka NACOSTI, ile tume ya taifa ya sayansi, maana sheria ya mwaka 2013 inataka kila mtafiti awe nacho. Ndipo anaenda nyanjani, anauliza watu, anapima, anahesabu. Anarudi kuandika sura moja baada ya nyingine, na kila sura inaenda kwa msimamizi na kurudi. Mwishoni anakaa mbele ya walimu kadhaa na kuitetea kazi yake.

Sasa mnaona? Hakuna kengele. Hakuna mtu wa kumwambia leo umefaulu, nenda nyumbani. Anaweza kukaa wiki nzima mbele ya kompyuta na asipate ukurasa mmoja unaofaa. Jirani akipita saa nne asubuhi anamwona ameketi, anasema huyu amekuwa mvivu tangu asome sana. Na hapo, kwenye tasnifu, ndipo wengi hukwama. Madarasa wameyapita vizuri kabisa, alama ni nzuri, lakini kitabu hakiishi. Mwaka mmoja unakuwa mitatu. Karo inaendelea kudaiwa.

Niwape mfano, na jina wala mahali sitataja. Kuna mama mmoja kijana, mwalimu wa sekondari, ana watoto wawili wadogo. Kikundi cha akina mama cha kwao kilimfanyia mchango alipoanza digrii ya pili. Walifurahi sana. Walisema huyu ni wetu, atatuletea heshima. Alichagua kuchunguza maji ya visima vya huko, maana ni upande wa Bonde la Ufa na ninyi mnajua vile floridi iliyo ndani ya maji inavyogeuza meno ya watoto kuwa ya rangi ya kahawia. Kazi nzuri, tena ya kutusaidia. Miaka miwili ikapita, mitatu ikapita. Kila Jumapili baada ya Misa akina mama wale wale waliomchangia walikuwa wakimzunguka: "Mwalimu, umemaliza? Sherehe ni lini?" Walikuwa wanauliza kwa upendo, mimi nawajua. Lakini kila swali lilimchoma kama mwiba. Akaanza kwenda Misa ya kwanza ili asikutane nao. Halafu akaacha kuja kabisa. Kikundi nacho kikaanza kunong'ona: tulimpa pesa, sasa hata salamu hatupi. Katibu akaleta hoja kwenye mkutano kwamba adaiwe pesa zirudi.

Nilipomtembelea alinipokea vizuri, akanipa chai, na akaniambia neno ambalo sijalisahau. Alisema: "Dada, mimi sioni aibu kwa chuo. Naona aibu kwa wale mama waliouza kuku."

Hebu tulitafakari jambo hilo. Msaada wetu ulikuwa umegeuka mzigo mgongoni mwake.

Basi imani yetu inasema nini? Niseme kwanza kile ambacho haisemi. Kuna watu siku hizi wanaowaambia wanafunzi walete kalamu zibarikiwe, watoe sadaka kubwa, na mtihani utapita wenyewe. Mimi sina shida na kubariki kalamu. Padre yuko hapa, anaweza kuzibariki leo. Lakini kalamu iliyobarikiwa bado ni lazima iandike. Mungu hatamwandikia mtu sura ya nne. Na tukimwambia mwanafunzi aliyechoka kwamba amekwama kwa sababu imani yake ni ndogo, tumemwongezea jiwe juu ya yale aliyo nayo.

Mimi napenda zaidi habari ya Nabii Elia, katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Mtakaporudi nyumbani isomeni kwenye Jumuiya. Elia hakuwa mtu mvivu. Alikuwa ametoka kufanya kazi kubwa kwenye mlima Karmeli. Halafu Yezebeli akamtishia, naye akakimbia jangwani, akaketi chini ya kichaka, akamwomba Mungu afe. Mtu wa Mungu kabisa, anaomba kufa! Sasa angalieni Mungu alifanya nini. Hakumkemea. Hakumwuliza mbona imani yako imekwisha. Alimwacha alale. Kisha malaika akamwamsha, na pale palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na mtungi wa maji. Akala, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili, akamwambia ale kwa maana safari iliyo mbele ni ndefu kuliko nguvu zake. Ni baada ya kula mara mbili na kulala mara mbili ndipo alipotembea siku arobaini mpaka Horebu. Na ni huko Horebu ndipo Mungu alipoanza kumwuliza maswali.

Sisi tunageuza mpango huo. Tunaanza na maswali, na mkate hatuleti.

Tena kuna jambo jingine pale ambalo watu hulipita haraka. Elia alilalamika kwamba amebaki peke yake. Mungu akamjibu kwamba kuna watu elfu saba katika Israeli ambao hawajapiga magoti mbele ya Baali. Halafu akampa na mwenzake, Elisha. Upweke wa mwanafunzi wa namna hii ni mkubwa kuliko mnavyofikiri. Nyumbani hakuna anayeelewa anachoandika. Chuoni kila mmoja ana mada yake. Mume au mke amechoka kusikia. Anadhani ni yeye tu aliyekwama duniani, na kumbe katika dinari moja wako watano. Samahani, nilitaka kusema dinari nikifikiria jimbo letu la kanisa, maana dinari yetu ina parokia sita. Na katika hizo parokia sita mimi nawajua watano kwa majina, na wao kwa wao hawajuani.

Nataka pia niwaambie juu ya mtakatifu mmoja ambaye hatumtaji sana huku kwetu. Anaitwa Edith Stein, au kwa jina la utawa Mtakatifu Teresa Benedikta wa Msalaba. Alizaliwa mwaka 1891 katika familia ya Kiyahudi mjini Breslau, ambao wakati huo ulikuwa Ujerumani. Alikuwa na akili nyingi sana, akasoma falsafa chini ya profesa maarufu, Edmund Husserl. Alipokuwa akiandika tasnifu yake ya udaktari alizama katika giza. Yeye mwenyewe alieleza baadaye kwamba hakuona njia ya kutoka, na kwamba alifikia hatua ya kutamani gari limpitie barabarani yaishe. Huyo ndiye mtakatifu ninayewaambia. Wakati huo hakuwa Mkristo, na kusali alikuwa ameacha tangu ujana.

Ni nini kilichomwinua? Mwalimu mwingine, Adolf Reinach, alikubali kusoma kile alichokuwa ameandika. Akakisoma, akamwambia kwamba ni kazi nzuri, aendelee. Alimtembelea mara mbili tu, na Edith alisema kwamba baada ya hapo alijisikia kama mtu aliyezaliwa upya. Mara mbili tu, ndugu zangu. Vita Kuu ya Kwanza ilipokuja aliacha masomo kwa muda mwaka 1915, akaenda kuwauguza askari katika hospitali ya Msalaba Mwekundu. Akarudi, akamaliza udaktari mwaka 1916. Reinach aliuawa vitani mwaka 1917, na Edith alipomtembelea mjane wake na kuona jinsi imani ilivyomshikilia katika msiba, hapo mbegu ya imani ikaanza kuota ndani yake. Alibatizwa mwaka 1922. Vyuo vikuu vilimnyima nafasi ya kufundisha kwa sababu ni mwanamke, kwa hivyo alifundisha katika shule ya masista Wadominiko mjini Speyer. Mwaka 1933 aliingia utawa wa Karmeli, na mwaka 1942 Wanazi wakamwua kule Auschwitz. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mtakatifu mwaka 1998.

Sikuwaeleza haya ili tuwe na mtakatifu mwingine wa kuombewa, ingawa tumwombe. Nimeyaeleza kwa sababu ya yule Reinach. Alisoma, akasema neno la kweli. Hakumdanganya kwamba ni rahisi.

Mtasema, huyo ni wa Ulaya. Haya, tuje kwetu Nyeri. Mnamjua Wangari Maathai kama mama wa miti. Wengi hawajui vile alivyosoma. Alikaa bweni kwa masista wa Mathari, akaenda Loreto Limuru kwa masista wengine. Mwaka 1959 juhudi za Tom Mboya zilikuwa zimepeleka ndege ya kwanza ya wanafunzi 81 Marekani, na familia na majirani walichanga huku nyumbani ili vijana wao wasiende mikono mitupu. Wangari alienda mwaka 1960, katika kundi lililofuata, akasoma katika chuo cha masista Wabenedikto mjini Atchison, Kansas. Alimaliza mwaka 1964, akapata digrii ya pili katika chuo kikuu cha Pittsburgh mwaka 1966. Akarudi, akafanya kazi katika idara ya anatomia ya wanyama jijini Nairobi, akaenda Ujerumani kwa utafiti, akaolewa mwaka 1969, akawa mama, na katikati ya hayo yote akaandika tasnifu. Mwaka 1971 Chuo Kikuu cha Nairobi kilimpa udaktari, mwanamke wa kwanza katika Afrika ya Mashariki na ya Kati kuupata. Miaka sita baadaye, 1977, alianzisha Green Belt Movement, na alifanya kazi na nani? Na vikundi vya akina mama kama ninyi, wenye vitalu vya miche nyuma ya nyumba. Tuzo ya Nobeli ilikuja mwaka 2004. Kwa hivyo yule mama aliyeniuliza mlangoni wanatuhusu nini, nadhani ameanza kuona.

Hata Kanisa letu liliona hivyo. Maaskofu wa AMECEA walipoanzisha taasisi pale Lang'ata mwaka 1984, ile iliyopata hati mwaka 1992 ikawa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika ya Mashariki, waliianza na theolojia ya digrii ya pili. Hawakuanzia chini.

Sasa tufanye nini? Hapa nataka kukaa kidogo, maana maneno matamu bila kazi hayajengi.

Mnakumbuka wale watu wanne wa Kafarnaumu, katika Injili ya Marko sura ya 2, waliombeba mgonjwa wa kupooza. Walipokuta mlango umejaa watu walipanda juu ya dari, wakaitoboa. Na Injili inaeleza kwamba Yesu aliiona imani yao, yaani ya wale waliobeba. Mwenye nyumba hatuambiwi alisema nini juu ya paa lake! Mimi huwa namwonea huruma. Lakini ujumbe ni kwamba kuna wakati mtu hana nguvu hata ya kuamini mwenyewe, na wenzake wanaamini kwa ajili yake, tena kwa mikono.

Kile kikundi nilichowatajia, baada ya mazungumzo marefu, tena mengine ya ukali, kiliondoa ile hoja ya katibu mezani. Wakafanya mambo madogo. Waligundua kwamba mwalimu yule hana mahali pa kuandikia. Nyumba ni vyumba viwili, watoto wanalia, stima inapotea. Wakaongea na katekista, akampa ufunguo wa chumba kidogo nyuma ya ofisi ya parokia ambako kuna meza na stima ya uhakika, Jumamosi na jioni mbili za wiki. Akina mama wawili wakapangana kukaa na watoto wake saa hizo. Hakuna shilingi iliyotumika.

Halafu mmoja wao, mama mzee ambaye hakumaliza hata darasa la nne, akatoa wazo ambalo mimi na diploma yangu sikuwa nimelifikiria. Alisema: "Mwambieni aje atueleze hiyo kazi yake. Tumeichangia na hatuijui." Mwalimu alikuja akitetemeka. Aliwaeleza kwa Kiswahili cha kawaida, akachora visima vyake kwenye karatasi kubwa: kisima hiki nitachota maji mara tatu kwa mwaka, hiki hivi, hiki vile. Yule mzee akamsimamisha. "Mwanangu, hicho cha mkono wa kushoto Februari hakina tone. Utachota nini?" Wote wakacheka, naye akacheka, mara ya kwanza kwa muda mrefu. Lakini jambo lilikuwa zito. Ilibidi abadilishe mpango wa kupima, na msimamizi wake alikubali kwamba mpango mpya ni bora kuliko ule wa kwanza. Tena alipokuwa anaeleza kwa lugha ya nyumbani, alisema, ndipo yeye mwenyewe alipoelewa sura yake ya pili inataka kusema nini. Kwa hivyo kikundi chaweza kufanya kazi ya Reinach hata kama hakuna mwenye digrii ndani yake.

Jambo jingine ni maneno. Lile swali la "utamaliza lini" tuliache. Yeye mwenyewe hajui jibu, maana liko mikononi mwa msimamizi, wa ofisi, wa mashine ya maabara. Muulizeni, "Umefika wapi?" Au "Wiki hii uliandika juu ya nini?" Hilo ana jibu lake. Na msimsifu kupita kiasi mbele ya watu, eti daktari wetu, profesa wetu, kabla ya wakati. Sifa za mapema ni deni.

Kuhusu pesa nitasema kidogo. Karo ya chuo hudaiwa mwanzoni mwa semesta kwa mkupuo, lakini mikopo yetu ya vikundi hulipwa kidogo kidogo kila mwezi kuanzia mwezi unaofuata. Mwanafunzi akikopa hivyo, anakosa nauli ya kwenda kumwona msimamizi. Kaeni na mweka hazina mpange malipo yanayofuata mshahara au mavuno yake. Na waulizeni HELB kama kuna mkopo unaomfaa kabla hamjachapisha kadi.

Kuna dalili ambazo si za kungojea mkutano. Mtu akiacha kula, akikosa usingizi wiki kwa wiki, akianza kugawa vitu vyake, au akisema afadhali nisingekuwepo, msimwambie tu asali rozari. Salini naye, ndiyo, na siku hiyo hiyo mpelekeni hospitali au kwa mshauri, na asiachwe peke yake usiku. Malaika wa Elia alileta chakula kabla ya yote. Sisi pia tulete kinachohitajika.

Na ninyi wanafunzi wenyewe, nawaona watatu mmekaa kule nyuma karibu na mlango, nina maneno kwenu. Msijifiche. Nadhani aibu inaua masomo mengi kuliko umaskini. Kila miezi mitatu njooni kwenye kikundi, dakika kumi, mseme mlipofika, hata kama hamjasogea. Tafutaneni ninyi kwa ninyi. Danieli alipopelekwa kusoma lugha na vitabu vya Wakaldayo kwa miaka mitatu, hakuwa peke yake, walikuwa vijana wanne, na sala zao walizishika pamoja. Jumapili pumzikeni. Najua mnasema siku hiyo ndiyo pekee ya kuandika. Lakini Mungu aliweka siku ya saba kwa wenye kazi nyingi, wasio na kazi hawaihitaji. Ombeni kwa maneno mafupi kabla ya kufungua kompyuta: leo ukurasa mmoja, Bwana. Mkiupata, shukuruni, mfunge, mkale.

Niongeze kitu ambacho huenda hakitawapendeza wote. Digrii ya pili si sakramenti. Kuna wanaoingia kwa sababu jirani ameingia, au kwa sababu ya cheo, na hawana jambo lolote wanalotaka kulijua. Wazazi, msimsukume mtu huko. Na mtu akifika mahali akaamua kwa utulivu, baada ya kushauriana, kwamba anaacha, huyo bado ni mtoto wetu, na kiti chake kwenye Jumuiya hakijapewa mtu mwingine.

Mtaniuliza yule mwalimu amefika wapi. Hajamaliza. Ameshapeleka sura tatu, mbili zimekubaliwa, moja imerudi na wino mwekundu. Anakuja Misa ya pili siku hizi, pamoja nasi.

Sasa kuna swali lililoandikwa kwenye kikaratasi na kuletwa kwangu wakati wa chai, bila jina. Linauliza: "Je, mwanafunzi akishindwa kabisa, kikundi kirudishiwe pesa?" Nitalijibu halafu nikae. Inategemea mlichoandika siku ile mlipotoa. Kama kitabu cha kumbukumbu kinasema ni mkopo, basi ni mkopo, atalipa, mpeni muda kama vile mngempa aliyefiwa na ng'ombe. Kama kinasema ni mchango, ilikuwa zawadi, na zawadi haina riba wala siku ya kudaiwa. Tatizo ni vikundi vingi havikuandika kitu. Kila mtu anakumbuka lake. Kwa hivyo naomba makatibu na waweka hazina wabaki baada ya sala ya kufunga, wakiwa na madaftari yao, tuangalie pamoja kilichoandikwa, na pale ambapo hakuna kitu tukubaliane leo tuandike nini.